Vitabu vya kujifunza kuyamudu maumivu ya muda mrefu: vinasomwaje hata vikafaa?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, na kwa miaka kadhaa sasa nina maumivu ya kiuno yanayoteremka hadi kwenye paja la kushoto. Nimeonwa na madaktari hapa Pemba na huko Unguja, nimepigwa picha, na kila mara naambiwa kuwa hakuna la kupasuliwa, kuwa pingili moja imechoka kidogo, na kwamba nijitahidi kuishi nayo. Hilo la kuishi nayo ndilo ambalo hakuna aliyenieleza linafanywaje. Narudi nyumbani na karatasi ya dawa, dawa zinanipa nafuu ya siku chache, kisha mambo yanarudi yale yale.

Binamu yangu anayeishi Uingereza ameniletea vitabu viwili vya kumfundisha mgonjwa mwenyewe namna ya kuyamudu maumivu ya aina hii. Kimoja nimeshakimaliza na cha pili nimekifikisha katikati. Vinaeleza kupanga shughuli kwa vipimo, kupumua, kuyaandika mawazo yanayokuja wakati wa maumivu, mazoezi ya kunyoosha viungo, na mpango wa siku mbaya. Tatizo ni kwamba mifano yake yote ni ya watu wanaokata majani ya bustani kwa mashine, wanaojiendeshea gari kwenda kazini na wanaojinyoosha jioni kwenye sofa. Mimi nasimama mbele ya darasa lililojaa, nasahihisha madaftari nikiwa nimekaa juu ya mkeka, nakuna nazi kwenye mbuzi, na nikiwa na safari ya Chake Chake napanda gari ya abiria ambayo huchagui pa kukaa.

Ninachotaka kujua ni kama kweli mtu anaweza kujifunza haya kwa kitabu bila ya kuwa na mtaalamu pembeni yake, na kama anaweza, aanzie wapi, kwa kuwa kila sura inamtaka afanye jambo na mwisho mtu hajui ashike lipi. Jingine ni hili la kuyakubali maumivu, ambalo vitabu vyote viwili vinalirudia mno. Mimi naliona kama kukata tamaa kulikovishwa nguo nzuri. Mama mkwe wangu ananishauri nitafute mtu wa kunisomea, nami dua siipingi hata kidogo, lakini nataka pia nijue nifanye nini mimi mwenyewe kati ya asubuhi na magharibi.

Mtaalamu wa Viungo, Unguja

Waalaykum salaam Mwalimu. Kazi yangu ni tiba ya mazoezi ya viungo, na wagonjwa wengi ninaowahudumia wanafika wakiwa na swali lako hili hili, ingawa si wengi wanaoweza kulieleza kwa ufasaha huu.

Kabla ya kitabu chochote, kuna mambo ambayo hayasubiri kusomewa. Mtu mwenye maumivu ya kiuno akianza kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, akipata ganzi kwenye sehemu za siri na ndani ya mapaja, mguu ukimlegea, akipata homa au kupungua uzito bila ya sababu, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Wewe umeshaonwa na umeshapimwa, kwa hivyo naendelea nikichukulia kuwa hayo hayapo.

Maumivu huhesabiwa kuwa ya muda mrefu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Hapo mara nyingi yanakuwa yameshaachana na lile jeraha la mwanzo. Mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kutoa tahadhari, na vinaendelea kuitoa hata kwa mambo yasiyo na hatari, mfano wa mlinzi wa shamba la mikarafuu ambaye aliwahi kuibiwa na sasa anapiga kelele kila kinapoanguka kijiti. Maumivu yako ni ya kweli kabisa; kinachobadilika ni maana yake, kwamba kuumia zaidi si lazima iwe dalili ya kuharibika zaidi. Na hiyo pingili iliyochoka isikukoseshe usingizi. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu 98 wasiokuwa na maumivu ya mgongo walipigwa picha za MRI, zinazoonesha ndani ya mwili, na zaidi kidogo ya nusu yao walikutwa na diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili, iliyotokeza nje angalau sehemu moja, na wenyewe hawakuhisi kitu.

Je, kitabu kinaweza kufundisha? Kinaweza kwa kiasi chake. Katika mji wa Cardiff, Wales, mwaka 2003 ulianzishwa utaratibu wa daktari kumwandikia mgonjwa jina la kitabu kama anavyomwandikia dawa, naye akaenda kukiazima maktaba. Ulianza na matatizo ya wasiwasi na huzuni, kisha miaka ya baadaye Uingereza wakaongeza vitabu vya maradhi ya muda mrefu, maumivu yakiwemo. Hata hivyo tusikipe kitabu sifa isiyo yake. Mapitio makubwa ya mwaka 2020 ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu tiba za kisaikolojia kwa maumivu ya muda mrefu yalikuta kuwa faida ipo lakini ni ndogo, nayo yalihusu tiba anayoitoa mtaalamu ana kwa ana. Anayetegemea kurasa peke yake asitarajie zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu faida hiyo ndogo ina thamani kubwa kwa mtu ambaye mtaalamu wake yuko ng'ambo ya bahari na nauli ya boti haipatikani kila mwezi.

Sasa pa kuanzia. Ningekuwa mimi, ningeyaacha yote nikashika lile la kupanga shughuli kwa vipimo, kwa sababu ndilo linalogusa siku nzima. Asili yake ni kazi ya mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 na 1970 aliona kwamba wagonjwa wanafanya kazi mpaka maumivu yawasimamishe, wanalala, wanapata nafuu, kisha wanarudi kufanya mpaka wasimamishwe tena. Kwa mwenendo huo maumivu yanakuwa ndiyo msimamizi wa kazi. Yeye akawataka wapumzike kwa kiwango kilichowekwa kabla, wawe wanaumwa au hawaumwi.

Tuchukue kusahihisha madaftari. Jipime kwa siku chache, zikiwemo nzuri na mbaya, uone unakaa kwa muda gani kabla ya maumivu kupanda. Tuseme siku nzuri ni dakika 30 na siku mbaya ni 20. Wastani ni 25. Ondoa humusi, zinabaki 20, na hizo ndizo zako. Simu ikilia baada ya dakika 20 unainuka, hata kama daftari liko katikati ya hesabu na hata kama mgongo umetulia kabisa, unatembea hadi uani na kurudi, unanyoosha kiuno, ndipo unakaa tena. Wiki inayofuata ukiona umemudu, unaongeza dakika moja au mbili. Shida haiko kwenye siku mbaya, maana siku mbaya mtu anasimama mwenyewe. Shida iko kwenye siku nzuri, ambapo mtu anajiona mzima, anakamata ufagio, anafua mashuka ya nyumba nzima, na keshoye hainuki.

Mazoezi ya viungo yaende kwa mtindo huo huo, na kama utaweza kufika kwa mtaalamu wa viungo hata mara moja ukamwonesha kurasa za kitabu chenye michoro, akuchagulie machache yanayokufaa. Mbuzi ya nazi ni kesi ya peke yake. Kile kikao cha kuinama huku bega moja likienda mbele na nyuma kinambana mtu kiuno kuliko kazi nyingi za nyumbani. Ama ukune kizio kimoja cha nazi ukainuka, au ipandishe mbuzi juu ya kitu imara ili magoti yasipite usawa wa nyonga.

Mzee wa Gando

Mwanangu Mwalimu, mimi nimepanda mikarafuu tangu ujanani na mgongo wangu naujua. Nimekandwa, nimeumikwa, nimepakwa mafuta ya karafuu ya moto mpaka ngozi ikababuka, na kila mara nilipata afueni. Kitabu hakikandi wala hakiumiki. Hawa wazungu wameshindwa kuiponya maradhi, sasa wanauza vitabu vya kutufundisha kuizoea. Sikukatazi kusoma, kwani wewe kazi yako ndiyo hiyo, lakini usije ukaacha tiba ukashika karatasi.

Binti wa Jambiani

Shikamoo Mzee wetu. Dada Mwalimu, pole sana na mtihani huo.

Naandika kwa sababu ya mama yangu, ambaye analima mwani na amelima tangu kilimo hicho kilipokuwa kigeni huku kwetu, baada ya kuingia Unguja mwaka 1989. Kusoma Kiingereza hakusomi, kwa hivyo kitabu cha namna hii, kwa ajili ya maumivu yake ya mgongo, nilikuwa nikikisoma mimi kisha namweleza kwa maneno yetu baada ya isha. Nadhani hilo lenyewe lilimsaidia kuliko ningempa kitabu cha Kiswahili akisome peke yake, kwa sababu kila nilipomweleza jambo alikuwa akinibishia, na katika kubishana ndipo tulipokuwa tunajua ni lipi linafanyika na lipi halifanyiki Jambiani.

La dakika alilikataa palepale. Aliniuliza nani anaingia pwani na saa ya kengele. Kipimo chake yeye kikawa kamba. Anafunga mbegu za mwani kwenye taitai, vile vijikamba vya kufungia, mpaka nusu ya kamba, anaiweka chini, anasimama wima, anatembea mpaka kwenye maji yanapoishia na kurudi, ndipo anamalizia nusu ya pili. Wenzake walimcheka kwanza, wakidhani ameanza kuringa. Bado anafanya hivyo, na akisahau wao ndio wanaomwambia, "Bibi, kamba yako imefika nusu."

Kitabu kilisema pia kuwa kazi nzito igawiwe sawasawa kwa siku zote za wiki, na hilo kwa mkulima wa mwani haliwezekani kabisa. Bahari haigawi siku zake sawasawa. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali na kila mtu yuko shambani. Yakiwa maji mafu hakuna anayefika. Tulichokifanya ni kuyasogeza mengine. Kuni, kufua nguo nzito na kusugua masufuria yote tumeyahamishia maji mafu, na siku za bamvua mama hafanyi kazi ya nyumbani inayotaka kuinama isipokuwa ile isiyokwepeka. Mwandishi wa kitabu hakuwa na habari ya bamvua, lakini wazo lake ndilo hilo hilo. Nawe nakushauri uangalie bamvua yako iko wapi. Kwa mwalimu nadhani ni wiki za mitihani.

Maumivu yake yapo. Ila zamani bamvua ikimalizika alikuwa akilala kitandani, na sasa halali.

Muuguzi, Mkoani

Naomba niongeze mawili matatu kwa upande wa dawa na uteuzi wa vitabu, na nimjibu Mzee wetu kwa heshima zote.

Mzee, kukandwa kuna maana yake kielimu. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na kwamba hisia za kuguswa na kusuguliwa zinaweza kulibana lango hilo ili ujumbe wa maumivu upungue kabla haujafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu akijigonga hukimbilia kujisugua. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini waandishi wengi wa vitabu anavyovisoma Mwalimu wanaanzia hapo hapo. Kwa hivyo akandwe, na kitabu asome. Isipokuwa mafuta ya karafuu yasipakwe makali bila ya kuchanganywa na mafuta mengine, kwani yanaunguza ngozi, na hilo umeshalishuhudia mwenyewe.

Mwalimu, hukutaja ni dawa gani unazotumia, lakini kama ni diklofenaki au aina zake, yaani dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, usizifanye za kila siku kwa kujinunulia tu kwenye duka la dawa. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuathiri figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwongozo wa Uingereza wa maumivu ya kiuno uliotoka mwaka 2016 unataka zitumike kwa kiwango kidogo kabisa kinachofaa na kwa muda mfupi kabisa. Wala usiache ghafla dawa uliyoandikiwa kwa sababu tu kitabu kimezisema vibaya dawa. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako. Na unapokaribia mwezi wa Ramadhani, mwulize mapema namna ya kuzipanga kati ya futari na daku, ili usije ukazimeza juu ya tumbo tupu.

Kuhusu vitabu vyenyewe, mimi huangalia kwanza kama kinaahidi kuponya. Kinachoahidi kuponya maumivu yote kwa wiki chache nakirudisha nilipokitoa. Naangalia kazi ya mwandishi, kama ni mtaalamu wa maumivu, wa saikolojia au wa viungo, au ni mtu aliyepona mwenyewe na sasa anadhani kila mtu ana ugonjwa wake. Tena naangalia kama kina kurasa za kufanyia kazi, za kuandika vipimo na malengo, maana kitabu cha maelezo matupu humwacha msomaji na elimu nyingi na kiuno kile kile. Vipo pia vinavyodai kuwa maumivu yote ni hasira zilizozikwa moyoni. Huzuni na hofu zinazidisha maumivu, hilo ni kweli na linafanyiwa kazi, lakini kulifanya ndilo asili ya kila mgongo ni kuwabebesha wagonjwa lawama juu ya maumivu yao.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee wangu nakuahidi kuwa mkandaji wangu simwachi.

Nusu ya kamba imenifumbua macho. Nimeona kuwa naweza kupima kwa madaftari badala ya saa, nikawa nasahihisha fungu moja, nainuka, ndipo naanza la pili. Hata hivyo mambo mawili bado yananitatiza. La kwanza ni lile la kukubali, ambalo hakuna aliyenijibu. La pili ni la watu. Nikiinuka kila baada ya muda mfupi kwenye kikao cha walimu, au nikiwa kwenye khitma nikaomba kiti wakati bibi wa makamo ya mama yangu amekaa chini, watu wanatazamana. Jana yake wameniona nikicheka na nikitembea vizuri. Kitabu changu kina sura nzima ya kuzungumza na mkuu wa kazi na mume, lakini hakina lolote la kuzungumza na watu wote wa mtaa.

Mtaalamu wa Viungo, Unguja

La kukubali naomba nilijibu kwa mfano unaoufanya mara tano kwa siku. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwelekeza Imran bin Husayn aswali kwa kusimama, na kama hawezi basi kwa kukaa, na kama hawezi basi kwa ubavu. Mwenye kuswali kwa kukaa hakuiacha sala. Ameikubali hali ya mwili wake ya leo, na ibada yake anaendelea nayo. Kukata tamaa ni kusema nitaishi maisha yangu siku maumivu yatakapoondoka. Vitabu vinapozungumzia kukubali vinamtaka mtu aache kuyasubiri, achague lile analolithamini, kama vile kufundisha au kumtembelea mzazi, alifanye kwa kipimo kidogo huku maumivu yakiwepo. Matibabu hayajakatazwa. Iwapo kuna waandishi wanaolieleza kwa namna inayofanana na kusalimu amri, basi ni kasoro ya maelezo yao, nami nimekutana nao.

Katika lile zoezi la kuandika mawazo, ungeanza na hayo ya watu kutazamana. Andika upande mmoja wazo lenyewe kama lilivyokujia, kwa Kiswahili chako, wala usiliandike kwa Kiingereza cha kitabu: "Wananiona najidekeza." Upande wa pili andika unachokijua kwa uhakika: nani alisema, alisema nini hasa, na nani alikuletea kiti bila ya kuombwa. Usilazimishe jibu zuri. Wakati mwingine utakuta kuwa wapo kweli wanaosema, na hapo utajua kuwa ni wawili, si mtaa mzima.

Binti wa Jambiani

Kwa la watu, dada, mama alimwambia mtu mmoja tu, mwenye maneno mengi kuliko wote, akamweleza kwa utulivu kuwa mgongo wake hauvunjiki kwa kuinama lakini unataka kuinuliwa kila baada ya muda, na kwamba daktari anajua. Kufikia alasiri pwani nzima ilikuwa na habari, tena kwa usahihi. Kwenye khitma anakaa karibu na ukuta ambapo akiinuka hamkatizi mtu. Nadhani kwenye kikao cha walimu ungemweleza mwalimu mkuu kabla, peke yake, kwa sentensi mbili, na usiombe radhi kila unaposimama, kwani kule kuomba radhi ndiko kunakoita macho.

Jirani wa Limbani

Mwalimu, na mimi niko Wete, na maumivu yangu ni ya shingo na mabega kwa kazi ya cherehani. Nimesoma mazungumzo haya yote tangu juu. Jambo moja sijaliona: katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Kate Lorig alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya watu wenye maradhi ya viungo, na waliokuwa wakiyaongoza ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wengi wao wakiwa na maradhi hayo hayo. Walikuwa wakikutana kila wiki, na kila mmoja akitaja jambo moja dogo atakalolifanya kabla ya wiki inayofuata, kisha anaulizwa amelifanya au vipi. Kitabu hakimuulizi mtu.

Kama utaridhia, tunaweza kukutana wanawake wawili watatu siku za Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwangu, kuna viti na kuna mkeka, kila mtu akae anapoweza. Uje na kile kitabu ulichokimaliza, utusomee ile sura ya vipimo na kutufasiria, na mimi nitakuja na kipimo changu cha cherehani, kwa sababu bado sijui nikihesabu kwa dakika au kwa magauni.

Mwalimu wa Wete

Nimeridhia. Jumamosi hii nina mtihani wa darasa la saba wa kusahihisha, kwa hivyo iwe inayofuata. Nitakuandikia pembeni unielekeze nyumba.